Tanga Lililotuna Upande wa Pili

Kabla sijagusa filamu ya hadithi, nilikuwa nimehariri video za harusi, za kipaimara na za kwaya hapa Mwanza kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu mwendelezo, yaani picha moja kukubaliana na inayoifuata. Bibi harusi angeweza kuonekana ameshika ua, kisha hana, kisha analo tena, na familia ikafurahi vilevile, kwa sababu kila aliyetazama alikuwapo ukumbini siku ile na aliijazia mwenyewe sehemu iliyopungua. Kwaya ndiyo kabisa: ubeti wa kwanza waimbaji wako juu ya majabali ya Capri Point, kiitikio wako bustanini wamevaa sare nyingine, ubeti wa pili wamerudi majabalini, na wimbo unawabeba bila mtu kushtuka. Nilijiona fundi.

Kisha mwongozaji mmoja kijana akaniletea filamu fupi ya dakika 14. Hadithi yake ilikuwa nyepesi: ndugu wawili wameachiwa na baba yao mtumbwi mmoja wa tanga, mkubwa anataka uuzwe, mdogo anataka kuvulia, na dada yao anayeanika dagaa ufukweni ndiye anayewasikiliza wote. Asubuhi moja mdogo anauchukua mtumbwi bila ruhusa, jioni anarudi. Ilipigwa kwa siku tatu katika mwalo mmoja, yaani ufuko wa kutia mitumbwi, upande wa Ilemela, na kikosi kilikuwa na watu watano pamoja na mpishi. Hakuwapo yule ambaye kazi yake ni kukaa na daftari akiandika ni mkono upi ulioshika kikombe, shati lilifungwa vifungo vingapi, na maji ya ndoo yalifika wapi wakati kamera ilipozimwa. Katika filamu kubwa kazi hiyo ina mtu wake wa kudumu, lakini sisi tuliihesabu kuwa anasa. Mimi mwenyewe sikufika mwaloni hata siku moja. Nilisubiri diski mezani kwangu, nikiamini kwamba kosa lolote la kamera lina dawa yake kwenye kompyuta.

Nilipomaliza toleo la awali, mwongozaji alitaka tumwonyeshe kwanza mzee aliyetukodishia mtumbwi, kwa heshima tu, maana hatukutarajia aseme neno juu ya ufundi. Tulimwamkia, tukaweka kompyuta mpakato juu ya kreti la samaki lililopinduliwa, tukaifunika kwa koti ili jua lisizime picha, naye akainama kutazama kama mtu anayechungulia kisimani. Ilipofika asubuhi ya kuondoka, ambapo mtumbwi unapita sambamba na ufuko kabla ya kuingia ziwani, aliinua kichwa.

“Huyu anakwenda au anarudi?”

“Anakwenda, mzee.”

“Mbona hapa amegeuza?”

Hakuwa amegeuza. Katika shoti ya kwanza, iliyopigwa kutoka ufukweni, mtumbwi ulivuka skrini kutoka kushoto kwenda kulia. Katika shoti ya pili mpigapicha alikuwa amepanda mtumbwi mwingine na kuzunguka upande wa ziwani, kwa sababu huko ndiko alikoona mwanga mzuri na milima nyuma, na kutoka huko mtumbwi uleule, ukielekea kulekule, ulivuka skrini kutoka kulia kwenda kushoto. Ilikuwa shoti nzuri kuliko zote za siku ile, na ndiyo iliyotuharibia safari.

Kanuni yenyewe nilikuwa naijua kwa jina. Kati ya watu wawili wanaozungumza, au kati ya kitu kinachotembea na kule kinakoelekea, huwa tunachora kichwani mstari ulionyooka. Kamera ikishachagua upande mmoja wa mstari huo inatakiwa kubaki ndani ya nusu duara ya upande uleule, yaani nyuzi 180, ili aliye kushoto aendelee kuwa kushoto na anayekwenda kulia aendelee kwenda kulia. Niliijua kama mtu anavyojua alama za barabarani kabla hajaendesha gari. Sikuwa nimeelewa kwamba mtazamaji hana dira nyingine. Anayesimama mwaloni anajua ziwa liko wapi kwa sababu upepo unampiga usoni na sauti za waanikaji dagaa zinamjia kutoka mgongoni, ilhali aliye mbele ya skrini ana kushoto na kulia tu, na ukimnyang'anya hivyo viwili hajui tena mtumbwi unaelekea wapi.

Nilirudi ofisini nikiwa na dawa rahisi kichwani. Programu zote za kuhariri zina amri ya kugeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo, nami niliigeuza shoti ya pili, mtumbwi ukaelekea kulia, nikafunga kazi nikalala. Kesho yake ndipo nilipoona kwamba namba za usajili zilizopakwa rangi kwenye ubavu zinasomeka kinyumenyume. Nilikuza picha kidogo mpaka namba zikatoka nje ya fremu. Kisha nikaona kwamba mdogo mtu, ambaye filamu nzima anashika kila kitu kwa mkono wa kulia, sasa ameshika usukani kwa mkono wa kushoto. Nikajiambia kwamba hilo hakuna atakayeliona, na nikarudi kwa mzee na toleo jipya.

Mkono hakuuona kweli. Alinyamaza mpaka shoti ile ikapita, akaomba tuirudishe, akaitazama tena, kisha akauliza kwa upole, “Na huu upepo umegeuka saa ngapi?”

Ilinichukua muda kumwelewa. Mtumbwi wa tanga ukiwa na upepo wa ubavuni, tanga hutuna kuelekea upande ambao upepo haupo. Kutoka ufukweni tanga lilituna kuelekea ziwani, mbali na kamera. Kutoka ziwani lilituna kuelekea kwenye kamera. Kugeuza picha kulikuwa kumebadilisha kushoto na kulia tu, hakukugusa mbele na nyuma, kwa hiyo mtumbwi wangu ulikuwa ukienda upande unaostahili huku tanga likiwa limeruka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kati ya fremu moja na inayofuata. Kwa mtu ambaye tanga kuruka namna hiyo kwaweza kumaanisha mtumbwi kupinduka, kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza.

Ndipo nilipokwenda mwaloni kwa miguu yangu, na mpigapicha, kwa nusu siku, kutafuta shoti moja tu ambayo hatukuwa nayo: mtumbwi ukiondoka ukiwa umetupa mgongo moja kwa moja, kamera ikiwa juu ya mstari wenyewe. Picha ya namna hiyo haina kushoto wala kulia, na kwa sababu hiyo hufaa kuwa daraja la kuvukia. Mtazamaji akiwa ameona mtumbwi unapita kwenda kulia, kisha akaona nyuma yake na mawimbi yakifunguka pande zote mbili, anakubali kuuona unakwenda kushoto, kwa kuwa amezungushwa polepole badala ya kurushwa. Niliirudisha ile shoti nzuri katika hali yake ya asili, namba zikasomeka, mkono ukawa wa kulia, na tanga likawa na sababu ya kuonekana kutoka upande wa pili.

Nusu siku ile ilinifundisha jambo jingine ambalo lingenichukua miaka mezani. Asubuhi, tulipofika, moshi wa majiko ya wakaanga samaki ulikuwa ukielekea ziwani. Saa nane mchana ulikuwa ukielekea nchi kavu. Kila mvuvi wa hapa anajua hivyo: usiku nchi kavu hupoa kuliko maji na upepo hutoka nchini kwenda ziwani, mchana nchi kavu hupata joto upesi na upepo huvuta kutoka ziwani. Lakini nilikuwa na onyesho la dada akianika dagaa ambalo nusu yake ilipigwa saa mbili asubuhi na nusu saa tisa alasiri, na kwa wiki mbili nilikuwa nikisumbuka kwamba kuna kitu kinanikera ndani yake bila kukijua. Ilikuwa ni kanga. Katika picha pana pindo la kanga lilipepea kuelekea majini, katika picha ya karibu lilipepea kuelekea kwenye nyumba, na nilikuwa nimezipishanisha shoti hizo mara sita ndani ya dakika moja.

Jua nalo lina hesabu yake. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33, kwa hiyo jua la hapa hufika utosini karibu saa saba kasoro robo, likitangulia au kuchelewa kwa hadi robo saa hivi kufuatana na mwezi wa mwaka. Wakati huo kofia hufunika macho yote ya mwigizaji kwa kivuli, na picha ya macho haiwezi kuunganishwa na picha iliyopigwa saa tatu. Sasa hivi naandika saa ya kila shoti kabla ya kuandika jambo jingine lolote.

Kosa lililonichukua usiku mwingi zaidi lilikuwa la ugomvi. Kaka na mdogo wake wanajibizana penye mtumbwi, kaka ndani na mdogo chini, na kwa kuwa mwigizaji wa sehemu ya kaka alitakiwa kuwahi meli ya Ukerewe, yeye alipigwa siku ya kwanza peke yake, akizungumza na msaidizi aliyesimama kulia kwa kamera. Mdogo alipigwa siku ya pili, naye akizungumza na msaidizi yuleyule, aliyesimama palepale, kulia kwa kamera. Kila shoti kwa nafsi yake ilikuwa safi, na kaka hasa aliigiza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nilipoziunganisha, wote wawili walikuwa wanatazama upande mmoja, kama watu wawili wanaomgombeza mtu wa tatu ambaye hatumwoni. Nilijaribu kuongeza maneno, kupunguza maneno, kuweka muziki. Hakuna kilichosaidia, kwa sababu jicho la mtazamaji hufuata jicho la mhusika kwanza na kusikiliza baadaye: kaka akitazama kulia kwa skrini, anayejibu lazima atazame kushoto, na akiwa mfupi lazima ayainue macho kidogo.

Tulimpiga mdogo upya, siku ileile ya shoti ya mtumbwi. Safari hii nilichomeka kijiti mchangani kushoto kwa kamera, nikakifunga kitambaa chekundu mahali ambapo macho ya kaka yangekuwa kama angekuwapo, nikimkumbuka kwamba alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi na si chini. Mwigizaji alicheka alipoambiwa agombane na kitambaa. Lakini nilipokiweka kichwa chake kilichoinuka mbele ya uso wa kaka unaotazama chini, ugomvi uliokuwa maiti ulianza kupumua, na sikubadilisha hata neno moja la mazungumzo.

Onyesho la beseni ndilo ninalolipenda kuliko yote, ingawa hakuna aliyewahi kulisifia, na nadhani hiyo ndiyo sifa yake. Dada anainama, anashika beseni lililojaa dagaa wakavu, analiinua na kulitua kichwani. Nilikuwa nalo kwa picha pana na kwa picha ya karibu, na mara ya kwanza nilikata baada ya beseni kutulia kichwani, nikaona mkato, yaani pale picha moja inapoipisha nyingine, umekaa kama bonge kwenye uji. Nikajaribu kukata kabla hajaanza kuinua. Bonge likahamia mwanzo. Mahali pake palikuwa katikati ya tendo, beseni likiwa linapita kiunoni kwenda juu, wakati jicho limeshika beseni na halina nafasi ya kushika kitu kingine. Tunahariri kwa fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde, na niligundua kwamba nikiianza picha ya karibu fremu mbili nyuma ya pale ilipoishia picha pana, yaani tendo likajirudia kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, mwendo unaonekana laini zaidi kuliko nikiunganisha fremu kwa fremu. Jicho hupoteza muda kidogo kila picha inapobadilika, na zile fremu mbili hulirudishia muda huo. Fundo la kanga ya dada liko bega la kulia katika picha pana na liko kifuani katika picha ya karibu. Nimelitazama onyesho hilo mbele ya watu wengi na hakuna aliyeliona fundo.

Kujirudia huko kuna mpaka, na mimi niliuvuka. Mdogo anaporudi jioni nilikuwa na shoti mbili za mtumbwi kugusa mchanga, moja kutoka kwa dada anayesubiri na nyingine kutoka ndani ya mtumbwi, na kwa kuwa zote zilikuwa nzuri nilizitumia zote nzima, moja baada ya nyingine. Mtumbwi ulitua mara mbili. Baadaye nilifarijika kusoma kwamba Edwin S. Porter wa Marekani, katika filamu yake ya mwaka 1903 kuhusu wazima moto, alionyesha uokoaji uleule mara mbili, kwanza kutoka ndani ya chumba na kisha kutoka nje, na kwamba kwa watazamaji wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kawaida, maana desturi ya kuunganisha tendo moja kutoka pembe mbili ilikuwa bado haijakaa. Mimi sikuwa na udhuru wa mwaka 1903. Nilibakiza shoti ya dada mpaka mtumbwi unapokaribia mchanga, nikahamia ndani wakati wa kugusa.

Kuhusu sauti nitasema kidogo, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa dawa yake ni moja. Karibu na mwalo kulikuwa na baa, na muziki wake ulikatika na kuruka kila nilipokata picha, kiasi kwamba hata mikato mizuri ilisikika. Tulirekodi dakika tatu za mwalo mtupu kabla baa haijafunguliwa, maji yakilamba mchanga na kunguru wakigombana, nikazitandika chini ya onyesho zima kama mkeka, na mazungumzo nikayasafisha juu yake. Mahali pengine niliruhusu sauti itangulie: maji yanaanza kusikika dada akiwa bado ndani ya nyumba, kisha ndipo ziwa linaonekana.

Na magugumaji? Hayo yalininyima raha kuliko yote, bila sababu. Siku ya kwanza ufuko ulikuwa safi. Baadaye upepo ukaleta zulia zima la kijani, na kuanzia siku ya pili nyuma ya mdogo mtu kulikuwa na shamba. Katika ugomvi ule, kila kaka anapozungumza nyuma yake ni maji matupu, na kila mdogo anapojibu nyuma yake ni majani. Niliomba msaada wa kuyafuta kwa kompyuta, nikaambiwa bei, nikaacha. Tulipomwonyesha mzee, hakusema kitu. Tulipowaonyesha akina mama waanikaji, ambao wanayaona magugumaji kila siku ya Mungu, hawakusema kitu pia. Walikuwa wanatazama macho ya kaka.

Mhariri wa Marekani, Walter Murch, amewahi kupanga mambo sita yanayoufanya mkato uwe mzuri, na kuyapa uzito: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho la mtazamaji lilipo 7, mpangilio wa kushoto na kulia kwenye ubapa wa skrini 5, na mahali halisi pa watu na vitu 4. Magugumaji yangu yako katika ile nne ya mwisho, na ninakubaliana naye kabisa kwamba yanaweza kutolewa sadaka. Lakini ule mstari wa nyuzi 180 unaangukia katika ile tano, na hapo ndipo ninapositasita. Kwetu sisi, kama mtumbwi unakwenda au unarudi ndiyo hadithi yenyewe. Kosa la asilimia tano lilikula ile 23 na kuanza kuitafuna 51. Sidhani Murch angebisha. Nadhani hesabu yake inamtaka mhariri ajue kwanza, katika filamu iliyo mbele yake, hadithi imebebwa na nini, na kwetu ilikuwa imebebwa na upande wa kuelekea.

Toleo la mwisho tulilionyesha palepale mwaloni, jioni, kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya nguzo mbili, umeme ukitoka kwenye jenereta ya jirani. Mtumbwi uliondoka na hakuna aliyeuliza unakwenda wapi. Ugomvi ulipita kimya. Wakati wa kurudi, mdogo alipokaribia ufuko, nilimsikia mzee nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, “Kashusha tanga kabla hajageuza. Atafikaje?”

Kesho yake niliifungua kompyuta. Mikono inashusha tanga katika picha ya karibu. Katika shoti inayofuata mdogo anasukuma usukani, na tanga liko nje ya fremu. Hakuna kilichomzuia ageuze kwanza. Niliziondoa shoti mbili hizo, nikazibadilisha nafasi, nikapunguza fremu sita mwanzoni mwa ile ya mikono, nikamtumia mzee dakika ile kwenye simu ya mjukuu wake.